Usinunue rekoda ya kurekodi ngoma na kwaya kabla hujasoma hapa (mimi nilirudisha 60,000 ya watu)

Leo naongelea kitu ambacho wengi mmekuwa mkiniuliza inbox, hasa vijana wa huku kwetu Nachingwea na Ruangwa wenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori na flashi. Swali ni moja tu: "Kaka, nikitaka kurekodi kwaya au ngoma live, ninunue kifaa gani?" Nimeona niandike kwa urefu ili nisijibu mmoja mmoja. Twende taratibu.

Naanza na hasara yangu. Mwaka juzi kwaya moja ya huku ilinipa kazi ya kurekodi siku yao ya uzinduzi. Tulikubaliana 150,000, wakanipa kianzio 60,000. Mimi nilikuwa na simu nzuri tu, mpya, kamera kali, nikajua sauti nayo itakuwa kali. Nikaenda nikasimama mbele, karibu na spika, kwa akili yangu nikaona hapo ndipo sauti imejaa. Masaa matatu nimeshika simu mkono umekufa ganzi. Kurudi dukani nakuja kusikiliza, hamna kitu. Besi imekuwa mkwaruzo mwanzo mwisho. Kila wakiimba kwa nguvu sauti inazama, wakinyamaza kelele za watoto zinapanda. Soprano wapo wapi? Hawapo. Mwalimu wa kwaya alisikiliza nyimbo mbili akavua iafoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii hata wenyewe hatujijui." Nilirudisha 60,000 yote na nauli ya bodaboda ikawa imeenda bure. Uzinduzi haurudiwi.

Sasa kwa nini simu ilifanya vile? Sio mbovu. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu kuongea. Ndani yake kuna mpango wa kupandisha na kushusha sauti wenyewe: ukiongea kwa chini inapandisha, ukipiga kelele inashusha. Kwenye maongezi ni msaada mkubwa. Kwenye muziki ni balaa, maana ngoma ikilia "dum" simu inashusha kila kitu pamoja na waimbaji, halafu inapandisha tena polepole, unasikia muziki unapumua kama mtu mwenye pumu. La pili, kimaiki cha simu kikizidiwa na spika kinakwaruza, na sauti ikishakwaruza hivyo kwenye kurekodi hakuna fundi wala programu itakayoirudisha sawasawa. Hili ndilo la kushika kuliko yote: sauti iliyorekodiwa chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye, iliyopasuka imepasuka.

Simu naiacha kwa kazi gani? Mashairi ya mtu mmoja, kaswida ya watoto wawili watatu chumbani, tangazo la duka. Huko inatosha, usitumie hela.

Kuna na vile virekoda vidogo kama kalamu au kama rimoti, vinauzwa bei rahisi, vimeandikwa masaa mia na kitu. Vile ni vya mikutano na wanafunzi wa chuo. Vingi vinabana sauti mpaka besi yote inakufa ili faili liwe dogo. Ukikirekodia ngoma utapata kelele za makopo. Mwenzangu mmoja wa upande wa Ruangwa alinunua, sasa anakitumia kurekodi vikao vya kikundi chao cha kukopeshana.

Tunachotafuta sisi ni rekoda ya muziki ya mkononi. Ina maiki mbili zake juu, ina skrini ndogo, ina sehemu ya kadi, na muhimu zaidi inakuruhusu wewe uweke kiwango cha sauti kwa mkono. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kampuni mbili ambazo wengi wanaanza nazo ni Zoom na Tascam, zote za Japani. Sio kwamba nyingine hazipo, Sony pia wanazo, ila mimi naongelea nilizozishika.

Kabla ya majina, mambo ya kuangalia.

La kwanza ni uwezo wa maiki kuvumilia kelele. Hii imeandikwa kwenye karatasi ya kifaa kwa dezibeli. Mfano Zoom H1n inavumilia mpaka 120. Hiyo ni nyingi kwa kwaya, ni nyingi kwa ngoma ukikaa kwa umbali wa busara. Lakini spika kubwa za mziki mnene wa kigodoro ukizisimamia mita moja zinaweza kukufikisha huko na kupita. Dawa ni miguu yako tu: uwanjani, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama dezibeli 6. Kwa hiyo kutoka mita 1 mpaka mita 4 umeshusha kama 12 bila kugusa kitu chochote.

La pili ni matundu ya kuingizia sauti. Hapa watu wanachanganyikiwa, nieleze vizuri. Rekoda ndogo nyingi zina tundu moja dogo la jeki kama ya iafoni. Tundu hilo linapokea maiki ndogo ya nje, au sauti kutoka kwenye miksa ya DJ. Waya wake unaujua: ni ule ule wa kuunganishia simu na sabufa, upande mmoja jeki ndogo, upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Unachomeka pini kwenye miksa palipoandikwa REC OUT au TAPE OUT, jeki kwenye rekoda. Shilingi elfu tano umemaliza. Ila miksa inatoa sauti yenye nguvu kuliko maiki, kwa hiyo anza rekoda ikiwa chini kabisa ndio upandishe. Rekoda kubwa zaidi zina matundu mawili makubwa ya duara, yale ya waya za maiki za jukwaani. Hizo zinakuwezesha kuweka maiki zako mwenyewe mbele ya waimbaji huku maiki za rekoda zinachukua ukumbi. Ni nzuri, lakini jiulize, hizo maiki mbili za nje unazo? Stendi zake unazo? Kama huna, umelipia matundu.

La tatu, betri. Ndugu zangu, hapa ndipo kijiji kinapokutofautisha na mtu wa Dar. Ukienda Kilimarondo au ndani ndani Mandawa, umeme ukikatika au ngoma ikiwa porini kabisa, rekoda ya kuchaji ya ndani kwa ndani ikiisha ndio umeisha. Mimi nachagua inayotumia betri za kawaida za kubadilisha. AA unazipata mpaka kwenye genge la nyanya. AAA, zile nyembamba za rimoti, zipo pia ila usitegemee kijijini, beba zako. Na usiweke zile betri za bei ya chini kabisa za kwenye tochi, rekoda inazimaliza upesi. Weka alkalaini, au nunua za kuchaji seti mbili, moja ndani moja mfukoni.

Wengine wanatumia pawabenki. Inawezekana, rekoda nyingi zinakubali umeme wa USB. Lakini jihadhari: pawabenki nyingi zikiona kifaa kinakula umeme kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. Rekoda inakula kidogo sana. Ijaribu nyumbani lisaa lizima kabla hujaiamini kwenye kazi ya mtu, na betri ziwemo ndani hata hivyo.

La nne, kadi. Rekoda nyingi ndogo zinatumia ile ile memori kadi ya simu. Sasa hesabu ya nafasi, kwa sababu wateja wetu wamezoea MP3 wanadhani wimbo ni MB 4. Ukirekodi kwa WAV ya kawaida, kiwango cha CD, lisaa limoja linakula kama MB 635. Ukipandisha kwenye biti 24 na kilohezi 48, ambayo ndiyo mimi natumia, lisaa ni kama GB 1. Kadi ya GB 32 basi inakupa kama masaa 30, kazi ya wiki nzima. MP3 ya juu kabisa, 320, ni kama MB 144 kwa lisaa. Kwa nini nisirekodi MP3 moja kwa moja nikabana nafasi? Kwa sababu WAV ya biti 24 inaniruhusu nirekodi kwa chini kwa usalama, halafu dukani nipandishe kwenye kompyuta bila sauti kuwa na mchanga. MP3 natengeneza mwishoni kwa ajili ya flashi ya mteja. Ukishabana hupanui tena.

Na kadi feki zipo tele. Imeandikwa 64, ndani ni 8. Inakubali kurekodi, tena haikulalamikii, ila ikifika mwisho wake wa kweli inaandika juu ya hewa. Unakuja kufungua, faili lipo, jina lipo, sauti hamna. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa H2testw, inajaza kadi yote halafu inasoma tena, inakwambia ukweli. Inachukua muda, acha ifanye kazi usiku ulale. Mimi tangu nianze kuzipima nimewarudishia wauzaji kadi mbili, na kwenye duka langu mwenyewe nimeacha kuuza aina moja.

Haya, majina sasa.

Zoom H1n, iliyotoka 2018. Ndogo, nyepesi, betri mbili za AAA, kadi mpaka GB 32. Mbele ina kitasa cha mviringo cha sauti unazungusha kwa kidole, hata gizani. Maiki zake mbili zimepishana kama X, zinaangalia mbele, kwa hiyo kwaya ikisimama mbele yake unasikia kabisa soprano huku na besi kule. Mwili wake ni plastiki, ukiishika mkononi inasikika krrr krrr. Lazima uiweke kwenye stendi.

Tascam DR-05X. Betri mbili za AA, hilo kwangu ni pointi kubwa, na kadi mpaka GB 128. Maiki zake zinasikia pande zote, sio mbele tu. Kwenye kwaya kanisani itakuletea na wanaokohoa nyuma. Lakini kwenye ngoma ambayo watu wamezunguka duara, wapigaji huku, waitikiaji kule, wapiga vigelegele nyuma yako, inachukua duara lote vizuri kuliko Zoom. Na maiki za namna hii hazisumbuliwi sana na upepo kama zile za X.

Zoom H1essential, hii ni mpya, 2024. Hii haina kabisa kitasa cha kuweka kiwango. Inarekodi kwa mfumo wa biti 32 ambao unabeba sauti ndogo na kubwa kwa pamoja, halafu wewe unapandisha au kushusha baadaye bila kupasuka. Kwa mtu mwenye kiherehere kama mimi siku ya kwanza, ingeniokoa. Ila mambo mawili. Maiki yenyewe bado ina kikomo chake, ukiiweka mdomoni mwa spika itapasuka tu. Na mafaili yake si kila simu itayafungua, unahitaji kompyuta yenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Kama huna kompyuta, na wapo wenye vibanda wanaotumia simu peke yake, chukua kati ya hizo mbili za kwanza.

Kubwa zaidi ni Zoom H4n Pro na Tascam DR-40X, zenye yale matundu mawili makubwa. Nzuri sana, bei inapanda. Usianze nazo.

Kama ni mimi, hela ya kifaa kimoja, kazi za huku kwetu? DR-05X kwa anayefuata ngoma na maulidi, H1n kwa anayefuata kwaya. Mimi nilichukua H1n kwa sababu kazi zangu nyingi ni makanisani, ile aibu ya kwanza nayo ilinisukuma.

Kununua. Huku kwetu hazipo, utaagiza Kariakoo. Bei mimi nilipata 320,000, wewe unaweza kupata juu au chini, usinishike shati. Usitume hela yote kwa mtu usiyemjua kwa sababu ya picha nzuri ya WhatsApp. Mwombe muuzaji arekodi sauti yake kwa hicho hicho kifaa dakika mbili, aseme tarehe ya leo na jina lako, akutumie faili kama dokumenti, sio voice note maana voice note inabanwa. Sikiliza kwa hedifoni: upande wa kushoto na kulia zote zipo? Kuna mlio wa nyuki nyuma? Kama ni ya mtumba muulize tundu la jeki kama limelegea, na mlango wa betri kama haujavunjika, hizo ndizo sehemu zinazokufa. Ukiwa na ndugu Dar, mtume. Asifungue boksi tu aseme "ipo", aiwashe, arekodi, ajisikilize.

Sasa umeshaipata. Kifaa ni nusu, pa kukiweka ni nusu nyingine, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Kwaya isiyotumia spika: simama mbele katikati, mita mbili mpaka nne, rekoda iwe juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, ielekee midomo ya mstari wa kati. Ukiisogeza karibu sana utamsikia mama mmoja tu. Ukienda mbali sana unasikia mabati. Waombe waimbe ule wimbo wao wa nguvu kuliko yote kabla ya ibada, uangalie mshale wa kiwango: kilele kisipite kwenye alama ya 12 chini ya sifuri. Watu wakishaona umati wanaimba kwa nguvu kuliko kwenye majaribio, kila mara, kwa hiyo hiyo nafasi uliyoacha itatumika. Halafu funga kitufe cha HOLD usije ukakizima kwa kidole.

Wazee wanaokumbuka Radio Tanzania wanajua bendi zilivyokuwa zinarekodi pale RTD, wote wanapiga kwa pamoja kwa mara moja, na kwa miaka mingi ile ndiyo ilikuwa karibu studio pekee ya bendi nchini. Nyimbo zile mpaka leo watu wananiletea flashi niwawekee. Kwa hiyo mtu asikwambie bila maiki kumi na mbili huwezi.

Kwaya au bendi inayotumia spika: hapa usirekodi spika, chukua kwenye miksa. Lakini kuna mtego. Miksa ina kile tu kilichounganishwa. Kwaya nyingi za huku kinanda na maiki za waimbaji viko kwenye miksa, ngoma na kayamba haziko. Ukisikiliza baadaye unapata waimbaji na kinanda wakavu, ngoma zinasikika kwa mbali kama jirani ana sherehe. Dawa ya bei rahisi: rekoda ichukue miksa, na simu yako uiweke katikati ya ukumbi irekodi hewa. Piga kofi moja kubwa mbele ya maiki ya jukwaani mwanzoni, hilo kofi litakusaidia kuyalinganisha mafaili mawili kwenye kompyuta. Saa ya simu na ya rekoda haziendi sawa kabisa, kwa hiyo kwa wimbo mrefu utalazimika kuyasogeza tena katikati.

Ngoma: usiweke rekoda mbele ya ngoma kubwa. Itakula kila kitu. Kaa upande wa waimbaji, ngoma ziwe nyuma yao, kama mita tatu nne. Stendi iwe juu ya usawa wa kifua, maana chini kuna vumbi na miguu. Vumbi la huku mnalijua. Mimi kifaa kinakaa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu mpaka dakika ya kuanza, na narudi nacho hivyo hivyo.

Upepo. Mchana wa mwezi wa saba uwanjani, bila kifuniko utapata "vuuuu" ya masaa manne. Kile kisponji kinachokuja na kifaa kinasaidia kidogo tu. Cha manyoya ndicho chenyewe. Mimi nilimpa fundi cherehani kipande cha kitambaa cha manyoya cha mdoli, akanishonea kofia. Watu wanacheka wanasema nimebeba paka. Inafanya kazi. Pia kwenye menyu washa LOW CUT, inakata ule uvumi wa chini. Ila kwenye ngoma usiiweke juu sana, utakata na besi ya ngoma yenyewe.

Muda wote vaa hedifoni dakika tano za mwanzo. Mshale unaweza kucheza vizuri kabisa kumbe jeki haijaingia na unarekodi maiki za ndani.

Hela sasa, maana huu ni ukurasa wa biashara. Mimi mchanganuo wangu ulikuwa hivi: rekoda 320,000, kadi 25,000, betri za kuchaji na chaja 45,000, stendi 25,000, kofia ya upepo 10,000, waya 5,000, kusafirisha mzigo kwa basi 10,000. Jumla 440,000. Kazi moja ya kawaida natoza 70,000. Bodaboda 15,000, kijana wa kunisaidia 10,000, bando na vikorokoro 5,000. Inabaki 40,000. Kwa hiyo mpaka kifaa kijilipe nahitaji kazi 11. Msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hela za mnada zikishaingia kwa wakulima, ndio harusi na sherehe zinaanza, nilipata kazi 7 mpaka mwisho wa mwaka. Masika yalipoanza zikakauka. Zile 4 zilizobaki nilizipata mpaka Mei, nyingine mahafali, nyingine maulidi.

Ndiyo maana nasema usinunue rekoda kwa mkopo wa kausha damu. Mwenzangu alichukua 300,000 arudishe 390,000 ndani ya mwezi. Mwezi ule akapata kazi tatu, sawa na 120,000. Rekoda ilichukuliwa, na simu ikafuata. Nunua mwezi wa nane au wa tisa kwa hela yako, ujifunze nayo wiki kadhaa kwenye mazoezi ya kwaya bure, msimu ukukute unajua vitufe.

La mwisho ni ruhusa, na hili msiliruke. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda na mwenye kutumbuiza, sio mtunzi peke yake. Kurekodi onyesho la mtu na kuliuza bila ridhaa yake ni kosa. Kwa hiyo kwa kila kazi naandika karatasi moja: nani kaniita, narekodi nini, nakala ngapi, na je, naruhusiwa kuuza dukani au kupandisha YouTube? Kwaya nyingi wanakubali nirekodi lakini hawataki niuze, wanataka wauze wenyewe. Sawa. Natoza kazi tu.

Unyago ni habari nyingine. Huku kwetu Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, kila mtu anajua kuna ngoma ya uwanjani ambayo kila mpita njia anaiona, na kuna ya ndani ambayo si ya macho wala masikio ya kila mtu. Niliitwa na baba mmoja nirekodi siku ya kutoka wali. Nikaweka stendi mapema, nikaiacha inarekodi nikaenda kula. Kumbe wakati sipo kina mama walikuja karibu na pale wakaimba za kwao, za kufundana. Bibi mmoja, ndiye nyakanga wao, aliona taa nyekundu inawaka. Akanifuata kwenye ubwabwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, kile kidude chako kinasikia?"

Nikamwambia kinasikia. Akakaa kimya kidogo akasema, "Basi na kisahau."

Nilifuta mbele yake. Nikamwekea hedifoni asikilize mwenyewe kwamba hamna kitu. Nilipoteza na lisaa lizima la ngoma nzuri ya uwanjani iliyokuwa kwenye faili hilo hilo, na baba mwenye shughuli nikampunguzia 20,000. Sikubishana. Mwezi uliofuata yule bibi alinipigia kupitia simu ya mjukuu wake, kuna harusi ya mtoto wao upande wa Mbekenyera, nije na kidude changu kinachosahau.

Siku hizi nikiondoka kwenye stendi hata kwenda msalani nabonyeza kusimamisha. Na nikirudi nyumbani usiku, hata nikiwa nimechoka vipi, nanakili kwenye kompyuta na kwenye flashi moja ya pembeni kabla ya kulala. Kadi siifuti mpaka mteja asikilize aseme nimepokea.